Mnada Ndani ya Mshipa

Jamani, kosa lenyewe lilikuwa la kuamkia tu. Nakijwa Mfinanga hakuiba, hakuvunja kitu cha mtu. Alimwambia bibi mmoja shikamoo, basi, mambo yakaanzia hapo.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule ukungu mzito wa Upareni unaoingia hospitalini bila hodi na kukaa kwenye viti vya wageni. Nje, nyavu za kukamata ukungu zilikuwa zimetanda mlima mzima, maji yanachuruzika kwenye mabomba, na vikapu vinavyoning'inia kwenye waya vinapanda kutoka bondeni vikileta wagonjwa. Kikapu kilikuwa kinatokea kwenye ule weupe ghafla, kama kimezaliwa humo humo. Nakijwa alikuwa anapita barazani kwenda chumba cha ndoto. Amejifunika shuka la bluu kichwani kama waotaji wote, macho chini, mdomo kimya. Mwotaji hamwangalii mgonjwa wala haongei naye. Hilo walifundishwa chuoni siku ya kwanza, kabla hata hawajaonyeshwa choo kiko wapi.

Sasa wewe fikiria. Umelelewa Usangi, umeambiwa tangu unatambaa kwamba mtu mzima hapitwi kama jiwe. Halafu pale kwenye benchi amekaa bibi wa watu, shavu moja limevimba, ameshika fimbo mapajani, na anakuangalia wewe. Miguu ya Nakijwa ilipita. Mdomo ukagoma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu! Ee, kumbe mna midomo! Nimeona mashuka yanapita tu hapa, nikajua ni majini ya mlimani."

Hiyo sauti sasa! Nakijwa alisimama bila kupenda. Ilikuwa sauti nene yenye mikwaruzo, sauti ya kusikika kutoka ng'ambo ya korongo, na ilikuwa inacheka ndani kwa ndani hata pale taya lilipomuuma akafumba jicho.

"Wewe wa wapi?"

"Wa hapa hapa, bibi. Usangi."

"Mpare!" Bibi akagonga fimbo sakafuni. "Nimetoka Machame yote ile kuja kufia kwa watani! Watanitoa taya hawa, halafu walichemshie makande."

"Na wewe Mchaga ungebaki kwenu ungeshaliuza hilo taya," Nakijwa akajikuta anajibu. Mtani akikuchokoza utanyamaza vipi?

Bibi alicheka mpaka akashika shavu. Akasema jina lake ni Aikande Swai, na kazi yake ni kunadi mbuzi mnadani kule tambarare, tangu msichana mpaka mvi. "Tazama. Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu!" Fimbo ikagonga, ko. "Nikigonga, ameuzwa. Bei isiponiridhisha, nafunga ngumi hivi, na mbuzi anarudi nyumbani. Hapo hata aje waziri, mbuzi haondoki."

Halafu akamvuta Nakijwa shuka, akamsogeza karibu. "Sikia, Mpare. Taya chukueni. Lakini sauti yangu msiiguse. Mkiichukua nitakufuata ndotoni nikunadi wewe na sufuria lako la makande. Bora nife nikinadi kuliko kuishi kama kisiki." Akacheka tena, kwa nguvu, ukungu wenyewe ukatikisika.

Nakijwa naye akacheka. Kwenye utani maneno hayashikwi, si ndiyo? Mtu anakwambia utakufa kesho na mnaagana vizuri. Alikimbia na shuka lake akiwa na raha moyoni, wala hakujua amebeba nini.

* * *

Kitanda cha ndoto kiko pembeni ya meza ya upasuaji, katikati kuna pazia. Unalala, unavalishwa kofia yenye vishikizo vya fedha, na Hiza anakuimbia. Hiza ndiye mtaalamu wa usingizi, mtu wa Handeni, mcheshi, anayelaza watu wawili kwa wakati mmoja: mgonjwa anamzamisha chini kabisa, mwotaji anamwacha juu juu, pale mtu anapoanza kuweweseka.

"Lala, dada," alisema. "Leo taya. Daktari ameshatoa kansa yote, mfupa wa mguuni umeshakatwa na umeshawekwa mahali pake. Unakusubiri wewe uupe damu."

Mfupa ule ulikuwa ule mwembamba wa pembeni ya mguu, ambao mtu anaweza kutembea bila huo. Umekuja na kipande chake cha nyama na ngozi, na mishipa yake miwili inaning'inia: wa kuleta damu na wa kuirudisha. Shingoni ni lazima upatikane mshipa wa kuungwa nao. Bila damu, ile nyama inaanza kufa taratibu, kama ua lililochumwa. Na mshipa wenyewe ni mnene kama njiti ya kiberiti tu. Zamani watu walikuwa wanaushona kwa mkono, wameinamia darubini, wameshikilia pumzi zao. Sasa unashonwa na viwavi.

Viwavi ni vimashine vidogo kuliko punje ya ulezi. Vinatambaa ndani ya mshipa na kutema hariri inayoshika kuta mbili mpaka zinakuwa ukuta mmoja. Kazi nzuri ajabu, ila havina akili. Vilipoachiwa peke yake vilishona kama cherehani, vikakaza, damu ikaganda. Mshipa unapumua, unajikunja, unaogopa, na hayo kiwavi hayajui. Mtu aliyelala nusu anayajua. Kwa hiyo mwotaji anauota mshipa kutoka ndani, mikono yake ya ndotoni inashona, na viwavi vinaifuata mikono ile.

Ndiyo maana hatakiwi kumjua mgonjwa. Ukimjua, anakuingilia ndotoni.

Nakijwa alizama.

Kwanza ikawa mwanga mwekundu laini, kama ukiwa umejifunika kanga nyekundu juani. Halafu kuta. Kuta za mshipa ni laini kama ndani ya mgomba, zina ubaridi fulani hivi, zinavimba na kunywea, zinavimba na kunywea. Alitembea peku. Viwavi vilikuwa vinamfuata nyuma kwa maelfu, vyeupe, vinang'aa kama mchele uliomwagika.

"Anza na mshipa wa usoni," sauti ya Daktari Nzowa ilishuka kutoka juu kama mvua. Daktari Nzowa ni mama mmoja mkavu, ana mikono mizuri kuliko watu wote mlimani. "Ndio tuliopanga."

Nakijwa aliufikia, akaugusa. Ulikuwa mgumu kama bua lililosahauliwa shambani. Mionzi ya mwaka uliopita, ile ya kuichoma kansa kabla haijarudi, ilikuwa imeubanika.

"Umekufa huu," aliweweseka. Juu kule Hiza aliinamisha sikio, akatafsiri.

"Haya," mvua ikasema. "Tafuta mwingine."

Akashuka zaidi. Akapata miwili. Mmoja ulikuwa mnene, mzima, damu inapita kwa furaha, na kwa mbele ulikuwa unaingia kwenye chumba kidogo chenye mlango wa utando mweupe. Alipokaribia ule mlango alisikia watu. Soko zima! Vumbi, kwato, vikombe vya chai, na juu ya yote sauti moja inaita mara ya kwanza, mara ya pili. Chumba cha sauti hicho. Kilikuwa kimebakiwa na mshipa huo huo mmoja, mingine yote ilishaungua. Ukiuchukua, chumba kitakauka. Mshipa wa pili ulijificha nyuma kabisa, mwembamba kama uzi, ukuta wake umechakaa huku na huku. Pengine ungeshika, pengine ungepasuka keshokutwa na taya likaoza, na bibi asitoke salama.

"Chukua mnene," Daktari akasema. "Haraka, nyama inasubiri."

Na hapo ndipo mbuzi walipoingia.

Walikuja kwa ndani ya mshipa, weusi, madoa, mmoja ana kengele, me-e-e, wanasukumana kwenye kuta laini. Nyuma yao Bibi Aikande, peku kama yeye, ana fimbo. Hasemi neno. Anamtazama tu, kama alivyomtazama barazani. Vile viwavi sasa! Vilipoona mikono ya Nakijwa inatetemeka vikaanza kutawanyika, vingine vimepanda migongo ya mbuzi, hariri inatemwa hovyo hewani kama utando wa buibui.

"Anafanya nini?" mvua ikapaaza sauti. "Hiza, mbona vinazagaa?"

Bora nife nikinadi kuliko kuishi kama kisiki. Ulikuwa utani ule? Au mtu aliyeshindwa kuwaambia watoto wake na madaktari wake alikuwa amepata mtani, akapitishia mlemle lile ambalo halisemeki? Nakijwa alimtazama bibi, bibi akamtazama, na mbuzi mmoja akawa anamtafuna shuka.

Waotaji wanafundishwa namna moja ya kurudi. Akapuliza kiganja chake.

* * *

"Umeamka?" Daktari Nzowa alikuwa amefungua pazia, glavu zimeinuliwa juu, macho yamekuwa makubwa. "Umeamka katikati ya mshipa?"

"Inabidi tumuulize." Nakijwa alikuwa bado anaona wekundu pembeni ya macho. "Mshipa mnene unakula sauti yake. Yeye sauti ndiyo kazi, Daktari, ndiyo kila kitu chake. Mwembamba upo."

"Mwembamba unaweza kumuua. Na alisema mwenyewe, mbele ya wanawe, fanyeni mnavyojua ninyi."

"Alikuwa hajui kama itafika kwenye sauti. Hata sisi hatukujua mpaka nimeingia."

"Na wewe umejuaje kazi yake?"

Mashine ya kupumulia ilikuwa inahema peke yake.

"Nilimwamkia," Nakijwa akasema.

Hiza akatoa kicheko, akakimeza. "Dada! Ulimwamkia?"

"Alikuwa amekaa pale, kaka! Ningempitaje? Akaniambia taya tuchukue ila sauti tusiiguse, bora afe akinadi, halafu akacheka."

Daktari Nzowa alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilimtisha Nakijwa zaidi. "Sikiliza. Mimi nikichagua taya, namnyima sauti mtu aliyeomba sauti. Nikichagua sauti, nafuata maneno ya barazani ambayo hata wewe hujui kama yalikuwa mzaha. Ukimwamsha nusu usingizi, atajibu nini? Mtu wa nusu usingizi hata jina lake analikosea. Na hana taya la kujibia."

"Lakini mnada hawezi kuukosea," Nakijwa akasema. "Kaka Hiza, unaweza kumleta mpaka ukingoni? Asisikie maumivu, ila masikio yafunguke?"

Hiza alimwangalia Daktari. Daktari akaitazama ile nyama ya mguuni, imekaa shingoni pale, rangi yake imeanza kufifia kama kitambaa cha dirishani. "Fanya haraka," akasema.

Hiza akaimba wimbo wake kinyumenyume, polepole. Kope za Bibi Aikande zikacheza. Nakijwa alivua shuka la bluu, akachukua mkono wa kulia wa bibi, akaulaza juu ya ubao wa meza, vidole vimekunjuka. Akainama sikioni.

"Bibi, ni yule Mpare wako. Leo nanadi mimi, wa kugonga au kufunga ngumi ni wewe. Samahani kwa sauti mbovu." Akapandisha sauti kama alivyosikia ndotoni. "Haya, haya, haya! Nina mshipa mwembamba hapa. Ukiuchukua huu, sauti yako inabaki yote, na mikwaruzo yake. Ila ni mchakavu, bibi, sikufichi. Unaweza kupasuka, taya likaoza, ukatutoka. Mara ya kwanza!"

Hakuna kitu.

"Mara ya pili!"

Kidole cha shahada kikainuka. Hiza akashika kifua. Nakijwa alihisi machozi yanakuja, kumbe haukuwa utani, kumbe ndivyo alivyotaka kweli, na sasa yeye ndiye atakayekwenda kumshonea kifo kwa mikono yake mwenyewe.

"Mara ya tatu."

Kidole kilibaki hewani. Kikatetemeka. Halafu kikajikunja, na vingine vikakifuata kimoja kimoja, mpaka mkono mzima ukawa ngumi.

"Hajasikia," Daktari akanong'ona. "Ni misuli tu inajikaza."

"Amesikia." Nakijwa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Bei haijamridhisha. Mbuzi anarudi nyumbani."

Akaufungua ule mkono taratibu, akaulaza tena. "Haya, bibi, nina mwingine. Huu mnene, mzima, damu inaruka ndani yake kama mwanakondoo. Utakula, utatafuna, utaona vitukuu. Ila sauti inakwenda, bibi. Inakwenda moja kwa moja, na mimi sina cha kukurudishia." Akapangusa jicho kwa bega. "Mara ya kwanza. Mara ya pili."

Kabla ya mara ya tatu kidole kiligonga ubao. Ko. Kikagonga tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemgombeza mnadi mchanga anayechelewesha soko.

Daktari Nzowa aliusogeza mkono wa bibi ukae vizuri, akaufunika shuka mpaka begani. "Mzamishe," alimwambia Hiza. "Na huyu mrudishe ndani."

"Atanijia tena na mbuzi wake," Nakijwa akasema. "Nimeshamjua."

"Basi mkaribishe. Sina mwotaji mwingine."

* * *

Walikuwepo wote. Safari hii Nakijwa hakuwafukuza. Alimwamkia bibi humo humo ndani ya wekundu, bibi akaitikia kwa kichwa, akakaa chini kwenye ukuta laini, akawakusanya mbuzi wake wakalala wakimzunguka, wanacheua. Mikono ya Nakijwa ikatulia. Viwavi vikajipanga.

Akaenda mpaka kwenye ule mlango wa utando mweupe, akasikiliza soko mara ya mwisho. Mtu alikuwa anacheka ndani. Kengele ya mbuzi ililia. Akaukata mshipa pale, taratibu, kama unavyomchukua mtoto aliyelala kutoka kwa mama yake, na nyuma ya mlango vumbi likaanza kutua, kwato zikawa mbali, mbali zaidi, mpaka ikabaki mvumo kama wa ganda la konokono ukiliweka sikioni. Halafu hata ule mvumo ukaisha.

Alishona. Aliuzungusha mshipa wa shingo ukakutana na mshipa wa mguu, midomo miwili inayoogopana, akawa anaisemesha huku hariri inapita: njoo, huyu si mgeni, ni wa mwili mmoja na wewe. Akashona na wa kurudishia, ule mlegevu unaonywea ukiguswa vibaya. Akarudi nyuma. Daktari akafungua koleo lililokuwa limeubana mshipa.

Damu ilikuja kama watu wanaotoka kanisani. Ilimpita Nakijwa kiunoni, ya moto, ikaingia kwenye mfupa wa mguu ambao sasa ulikuwa taya, na kuta zote zikawaka waridi.

Alipogeuka, bibi alikuwa ameshaondoka na mbuzi wake.

* * *

Siku chache baadaye jua lilikuwa limeingia wodini, ukungu umerudi bondeni, na Nakijwa alikuwa amekuja bila shuka la bluu, kwa sababu Daktari Nzowa alikuwa amelichukua, pamoja na kofia, akavifungia kabatini na kusema tutaongea. Hawakuwa wameongea bado. Nakijwa alikuwa amebeba makande yaliyopondwapondwa yakawa uji.

Bibi Aikande alikuwa ameegemea mto. Taya jipya limevimba, limeshonwa kama mpira wa makaratasi, lakini lilikuwa la waridi na la moto. Shingoni alikuwa amebandikwa kisikilizio, kidude kidogo kama kifungo cha shati, chenye spika pembeni ya kitanda. Ndicho kinachowaambia manesi kama kiungo kinapitisha damu. Shuuu, kilikuwa kinasema. Shuuu. Shuuu.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata mkwaruzo. Akaufunga. Nakijwa alijua kwamba hili nalo litakuwa linamjia ndotoni maisha yake yote, huu mdomo uliofunguka.

"Nimekuletea makande," alisema. "Nimeyapima vizuri. Usije ukayauza."

Macho ya bibi yakabadilika. Alinyoosha mkono, akachukua fimbo yake pembeni ya kitanda. Kwa mkono mwingine akatafuta kile kitufe cha spika, akakizungusha mpaka mwisho.

SHUUU! Wodi nzima ikageuka. SHUUU! Mapigo ya mshipa alioununua mwenyewe yalijaa chumba, mazito, yana mikwaruzo, yanasikika mpaka barazani. Bibi akamnyooshea Nakijwa fimbo, akamzungusha kwa kidole ageuke ili watu wamwone mbele na nyuma. Akawaonyesha watu meno ya Nakijwa. Akampapasa mkono kuangalia kama ana nyama. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Ananiuza!" Nakijwa akapiga kelele. "Jamani, Mchaga ananiuza!"

Wagonjwa wakaanza kucheka. Babu mmoja wa kitanda cha dirishani akainua mkono. "Kuku mmoja!" Bibi akafunga ngumi. "Na yai lake!" Ngumi.

"Mbuzi wawili," sauti kavu ikasema mlangoni.

Alikuwa Daktari Nzowa, kwenye mzunguko wake wa asubuhi, ana shuka la bluu limekunjwa mkononi. Bibi alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayepima mteja. Akafunga ngumi.

"Watatu," Daktari akasema. "Na awe anawaamkia wagonjwa wangu wote kabla hajalala."

Bibi Aikande aliinua fimbo. Akasubiri. Shuuu, mshipa ukaita mara ya kwanza, watu wakanyamaza. Shuuu, mara ya pili. Shuuu.

Ko.